Kabureta kuchemka si injini kuheat, wachaneni na themostati

Swali: Fundi habari. Niko Nakuru na Datsun 1200 ya mzee. Nikienda Kisumu inapanda Mau Summit bila shida, lakini nikisimama Kericho kunywa chai, nikirudi haiwaki, inanuka petroli, na geji ya temperecha iko tu katikati. Makanika mmoja ametoa themostati, akasema ikisumbua tena nimwagie kabureta maji baridi. Nifanye nini?

Jibu: Salama ndugu yangu. Kwanza rudisha hiyo themostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto. Hii maneno naiona kila mara na imenichosha. Gari ya zamani ikileta shida ya joto kidogo tu, mtu anashika spana anatoa themostati, hata hajauliza joto lenyewe liko wapi. Sasa wewe shida yako inakuja ukiwa umeshazima, si ndio? Ukizima, pampu ya maji imesimama, feni imesimama, maji hayazunguki popote, themostati ikae ndani au ikae kwa meza ya makanika itasaidia nini? Utabaki tu na injini inayotembea baridi, inakula petroli na kujimaliza pole pole.

Kinachopika kabureta yako, ile inayochanganya petroli na hewa, ni ekzosi. Hiyo injini ya A12 manifoldi zote mbili, ya kuingiza hewa na petroli na ya kutoa moshi, ziko upande mmoja, kabureta imekalia moto, gari ikitembea upepo unapoza, ukizima joto lote linapanda juu. Na petroli ni mchanganyiko, ile sehemu nyepesi inaanza kuchemka kwa nyuzi 30 na kitu tu, halafu Kericho uko karibu mita 2,000 juu, presha ya hewa ni ndogo, kwa hivyo inachemka mapema kuliko ukiwa Kisumu, hata kama Kisumu ndiko kuna jua. Ikichemka inafurika ndani ya manifoldi ya kuingiza. Yaani injini haijakosa petroli, imezidiwa nayo.

Kama huamini, hiyo kabureta ya Hitachi iko na kidirisha cha glasi pale kwa floti, lile boya la kupima petroli ndani ya kabureta. Zima, fungua boneti, ngoja kidogo, utaona mapovu.

Kuwasha ikiwa hivyo usivute choki na usipampu akselereta, kanyaga mpaka chini ushikilie hapo hapo, piga stata, itatoa moshi mweusi kidogo iwake. Ukisimama, acha boneti wazi.

Dawa yenyewe sasa. Chini ya kabureta kunafaa kuwe na kipande kinene cheusi cha bakelaiti, plastiki ngumu, cha kuzuia joto lisipande. Angalia kama kiko, kwa sababu nyingi nazikuta hazina, mtu alifungua kabureta kikavunjika akakata gasketi ya karatasi akafunga, kazi imeisha. Kati ya pampu ya petroli na bloku pia kuna kingine, kikague. Weka bati la kukinga joto juu ya ekzosi, sogeza paipu ya petroli isiguse injini, na levo ya floti isiwe juu sana.

Maji usimwage. Manifoldi ikiwa moto inaweza kupasuka, na ukilowesha distribyuta inayogawa moto wa plagi umejiongezea shida ya pili. Wale wa kuchanganya mafuta taa ati petroli isichemke, hao wanakupa injini ya kugonga na joto zaidi.

Lakini wanaonitisha kabisa ni wanaofunga pampu ya umeme iliyotolewa kwa gari ya injekta, isiyo na kabureta. Hiyo inasukuma presha ya psi 40 kwenda juu, kabureta yako inataka 3 ama 4, sindano ya floti inayofunga petroli haiwezi kuizuia, petroli inamwagika juu ya ekzosi moto na wewe uko ndani na watoto. Pampu ya umeme inasaidia, sikatai, lakini iwe ya presha ndogo, ikae karibu na tangi, na waya zifungwe kwa njia ya kuikata injini ikizimika. Anayekuletea pampu muulize presha yake kabla hajafungua boneti, akikujibu pampu ni pampu, chukua ufunguo wako uende.