Nilivyonyimwa kibali kwa maneno ya kinywa changu mwenyewe

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Marekani kama mimi aliniandikia: "Kaka, halmashauri ya mji wetu inataka kufuta kanuni ya nyumba moja ya familia moja kwa kila kiwanja. Nimenunua nyumba juzi tu, kwa mkopo wa miaka 30. Niende kupinga au kuunga mkono, na nikisimama pale niseme nini?" Ujumbe huo ulinikuta siku ya tatu tangu nipokee kibali cha kujenga nyumba ya pili nyuma ya nyumba yangu, kibali nilichokihangaikia kwa muda unaokaribia miaka mitatu, kwa hiyo atanisamehe nikianza na yangu kabla ya kufika kwenye yake.

Asiyeishi huku huenda akashangaa kwamba mtu aliyenunua kiwanja kwa fedha zake hawezi kuongeza nyumba ya pili juu yake. Miji ya Marekani imegawanywa katika kanda za matumizi ya ardhi, na katika mingi kati ya hiyo sehemu kubwa ya ardhi ya makazi, ambayo katika baadhi ya miji hufikia robo tatu, imetengwa kwa nyumba za familia moja tu. Hapo nyumba pacha ni kosa, na jengo la ghorofa tatu la wapangaji halizungumzwi kabisa. Mtaa wangu ulikuwa wa namna hiyo, isipokuwa kwamba nyumba ndogo ya pili iliweza kujengwa kwa ruhusa maalumu ya kamati ya mipango miji, baada ya kikao cha hadhara cha kusikiliza maoni ya majirani.

Mwaka wa pili tangu nihamie, mjenzi mmoja aliomba kujenga jengo lenye nyumba 18 kwenye kiwanja cha pembeni mwa mtaa wetu. Niliitwa na majirani, nikaenda, nikasimama mbele ya kipaza sauti kwa dakika tatu nilizopewa. Nilisema kwamba wapangaji ni watu wa kupita, kwamba magari yao yangejaa barabarani, na kwamba jengo lile lingenyonya utulivu ambao sisi wenye nyumba tuliulipia. Nilipigiwa makofi. Naomba nisifiche jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha makosa yangu yote: ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii kupigiwa makofi na watu ambao kwa kawaida huniomba nirudie nilichosema. Ombi la mjenzi likakataliwa, nami nikarudi nyumbani nikijiona mwenyeji kamili.

Baada ya muda, mdogo wangu wa kike aliyekuwa akipanga upande wa pili wa mji na wanawe wawili alipandishiwa kodi ya pango mara mbili mfululizo, na jibu tuliloliona sote wawili lilikuwa ile sehemu ya nyuma ya kiwanja changu, ambayo kwa miaka yote haikuzaa kitu ila majani ya kukata kila Jumamosi. Sitawachosha na habari za michoro, benki na vipimo vya udongo. Itoshe kusema kwamba nilifika kwenye kikao nikiwa na kabrasha la kurasa 31, nikijiamini kuliko inavyompasa mwombaji.

Kabrasha lenyewe lilikuwa zuri, na hata leo ninajivunia. Nilieleza kwamba mji wa Minneapolis ulipitisha mpango wake wa matumizi ya ardhi Desemba 2018, na tangu 2020 ukaruhusu hadi nyumba tatu kwenye viwanja vilivyokuwa vya familia moja. Kwamba jimbo la Oregon lilipitisha sheria kama hiyo 2019. Kwamba Auckland, huko New Zealand, ilipandisha kiwango cha ujenzi katika karibu robo tatu ya ardhi yake ya makazi kuanzia 2016, na vibali vya ujenzi vikaongezeka sana katika miaka iliyofuata. Nilipomaliza, mama mmoja mtu mzima anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu alisimama, akavaa miwani, akafungua nakala ya kumbukumbu za kikao cha zamani, na akayasoma maneno yangu neno kwa neno: wapangaji ni watu wa kupita, jengo litanyonya utulivu tulioulipia. Hakuongeza lake hata moja. Akakunja karatasi, akaketi. Kamati ikapiga kura, watano wakakataa na wawili wakakubali.

Niliumia, na sitadanganya kwamba nimekwisha kupona. Kilichoniuma si kura, bali ukweli kwamba hapakuwa na uongo wowote katika alichosoma. Miezi kadhaa baadaye, katika kusoma ili nijue nilikosea wapi, nilifika kwenye hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1926 katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, ambayo ndiyo iliyohalalisha mgawanyo wa kanda nchi nzima. Humo Jaji George Sutherland aliandika kwamba jengo la nyumba za kupanga mara nyingi ni kupe tu, linalojengwa ili kufaidi nafasi wazi na mandhari mazuri yaliyoletwa na nyumba za mtaa. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Mimi nilisema "kunyonya", yeye alisema kupe, tukiwa tumeachana kwa takriban karne moja. Tena miaka tisa kabla ya hapo, 1917, mahakama hiyohiyo ilikuwa imefuta amri ya mji wa Louisville iliyowazuia Weusi kuhamia mitaa yenye Wazungu wengi. Na baada ya njia hiyo kufungwa, miji mingi iligundua kwamba kiwanja kikubwa cha lazima na nyumba moja tu juu yake vingeweza kuchuja watu kwa mfuko bila kutaja rangi ya mtu yeyote. Nilikuwa nimekwenda kuulinda ukuta ambao haukujengwa kwa ajili ya kumlinda mtu kama mimi.

Sasa nifike kwenye ushauri. Wa kwanza, nenda kwa jirani kabla ya kwenda kwenye kikao. Nilipoomba kibali mara ya pili, niligonga kwanza milango 14. Katika mlango mmoja niligundua kwamba ghadhabu yote ya mzee wa watu ilihusu kivuli ambacho paa langu lingetupa juu ya tuta lake la nyanya. Nikasogeza nyumba mita mbili na kupunguza mwinuko wa paa, naye akaandika barua ya kuniunga mkono. Kurasa 31 hazikuwa na neno hata moja juu ya nyanya. Nenda kwa jirani, tena nenda na mchoro, kwa sababu mtu akiambiwa "msongamano" huona mnara wa ghorofa 20, lakini akioneshwa mchoro huona mlango, dirisha na mti.

Wa pili, ujue kwanza kama unahitaji kikao. California, kwa mfano, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2022, viwanja vingi vya familia moja vinaweza kuwekwa nyumba mbili au kugawanywa bila kikao chochote. Ofisa hupima tu kama mchoro umetimiza vipimo. Ukiwa mahali pa namna hiyo, usiombe kwa hisani kile ambacho sheria imekwisha kukupa.

Wa tatu, soma kanuni ndogo, maana humo ndimo ruhusa hunyongwa. Minneapolis nyumba za familia tatu zilizojengwa ni chache, sababu mojawapo ikiwa kwamba ukubwa wa jengo unaoruhusiwa kwenye viwanja hivyo haukupanuka vya kutosha. Nyumba nyingi mpya zilitoka kwenye majengo makubwa kando ya barabara kuu. Houston, ambayo haina mgawanyo wa kanda, ilishusha mwaka 1998 kipimo cha chini cha kiwanja katika eneo la ndani la mji kutoka takriban mita za mraba 465 hadi 130, na nyumba za kubanana zikaota kwa maelfu. Upana wa kiwanja, idadi ya lazima ya maegesho, umbali kutoka mpakani: hayo hayapigiwi makofi na mtu, nayo ndiyo huamua.

Na wa nne, nenda kwa jirani. Najua nimekwisha kulisema.

Kwako wewe uliyeniandikia, sikuambii kwamba hofu yako ni ya kipuuzi. Barabara yako huenda ikapata magari zaidi, na nyumba mpya haitakuwa ya bei rahisi kwa kuwa tu ni mpya. Lakini unapokwenda kupinga, jiulize ni nani kati ya ndugu zako ambaye hangeweza kupanga wala kununua kwenye mtaa huo leo, kisha umtaje kwa jina kichwani mwako wakati unatamka neno "wapangaji". Sisi tuliofika huku jana hatuna haki ya kuvuta ngazi tukiwa bado tumesimama juu yake, na anayefanya hivyo asidhani kwamba makofi anayopigiwa ni ya mapenzi. Dakika tatu zako zitaandikwa, na yaliyoandikwa hayazeeki.

Msingi wa nyumba ya mdogo wangu unaanza kuchimbwa Jumatatu. Yule mama wa miwani hakuandika barua ya kuniunga mkono, wala hakuja kupinga. Tukikutana hunisalimia, nami humwitikia. Kile kiwanja cha pembeni nacho kimepata mjenzi mwingine, safari hii kwa nyumba 22, na kikao cha maoni ni Alhamisi. Nimejiandikisha kuzungumza. Kwenye orodha mimi ni wa nne, na wa tano ni yeye.