Muulize Shangazi: Nyanya yetu tumkumbuke vipi?

SWALI: Asalam alaikum Shangazi. Nyanya yetu alifariki Shaaban iliyopita, hapa hapa mtaani Langoni. Babu alitangulia zamani akamwachia watoto wadogo, na nyanya hakuolewa tena, akatulisha kwa mahamri ya asubuhi na kofia za mkono mchana mpaka macho yakamshinda. Sasa hitma ya mwaka, kisomo cha kumuombea, iko karibu na nyumba imegawanyika, binamu yetu wa Nairobi ataka kaburi litiwe marumaru na picha yake, mashangazi wanasema achinjwe ng'ombe watu wale biriani basi. Mimi kinachoniuma ni hawa wadogo, wanamjua kama bibi mgonjwa wa kitandani tu. Tufanyeje?
Mjukuu, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu, poleni, Mungu amrehemu. Picha kaburini iacheni, kwa nini mumtie bibi wa watu kwenye maneno na mashekhe. Ng'ombe sina ugomvi naye ila biriani ikishaliwa watu wananawa mikono wanaenda zao, nani atakuwa amemjua zaidi?

Kwanza madeni. Muuza mahamri hakosi daftari dukani, unga, sukari, mafuta, basi nendeni mkaulize kama kuna kilichobaki maana deni la maiti latangulia urithi, na hapo dukani mtasikia habari zake ambazo nyumbani hamna.

Kisha washike mashoga zake walio hai, na haraka, wao pia umri umekwenda. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, utaambiwa alikuwa mtu mzuri Mungu amlaze pema, mazungumzo yameisha. Wewe chukua kofia yake moja, ile aliyoiacha haijaisha kama ipo, mtie shoga yake mkononi, muulize nani alikuwa akimchorea nakshi, hivi viua alikuwa akivizungushia uzi vipi, aliuza bei gani na hiyo pesa ilimlipia nani karo. Weka simu irekodi halafu nyamaza, usimkatize hata akihamia kwenye harusi ya mtu mwengine. Kofia moja ni kazi ya wiki na wiki, na hawa vijana wanaivaa Idi wanajipiga picha hata hawajui ni nani aliyeiinamia.

Mahamri nayo mamako akande, wadogo wakae jikoni waone. Najua nyanya hakupima kwa mizani, alikuwa na kikombe chake, tui anatia mpaka mkono umwambie basi, iliki anaitwanga mwenyewe, donge analikanda usiku liumuke mpaka alfajiri. Sasa nyinyi pimeni muandike, na yakitoka magumu chekeni mrudie kesho.

Na msimgeuze malaika jamani! Kama alikuwa mkali wa pesa au ulimi wake ulikuwa moto semeni, watoto hiyo ndiyo wataishika.

Hitma isomeni, ila ng'ombe muacheni aishi. Tumefundishwa mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa vitu vitatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema wa kumuombea. Maji ya mji wetu yatoka chini ya michanga ya kijiji cha Shela na kuna siku bomba lakohoa upepo mtupu, kwa hivyo tangi la maji kichochoroni kwenu, watu na punda wanywe, ni sadaka nzuri. Huyo binamu wa Nairobi mwambie pesa ya marumaru ailete huku, tangi na fundi si bure.