Skrubu Imeliwa Kichwa, Kava Haitoki: Fundi Anajibu

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina bodaboda, nabeba abiria na viroba vya chumvi. Nataka kuvua kava za pembeni nizipige rangi, lakini skrubu za nyota zimegoma na moja imeshaliwa kichwa. Jirani anasema nipake mawese nilaze hadi asubuhi. Itasaidia? – Msomaji, Uvinza

JIBU: Marahaba. Mawese yaache jikoni. Ni mazito, kukiwa na baridi yanaganda, hayapenyi kwenye nyuzi za skrubu. Adui yako ni hiyo chumvi. Maji yake yakichuruzika kwenye kiroba huingia chini ya kichwa cha skrubu na kuleta kutu, na kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana skrubu inabana kama imelehemewa.

Kwanza chokonoa uchafu kwenye nyota kwa msumari mwembamba. Bisibisi isiyozama hadi chini ndiyo inayokula vichwa. Angalia na namba: skrubu yenye unene wa milimita 5 inataka bisibisi namba 2, ya milimita 6 inataka namba 3. Wengi wana namba 2 tu na wanailazimisha kote, halafu lawama anabebeshwa Mchina aliyetengeneza skrubu.

Weka matone mawili matatu ya mafuta ya kulegeza kutu, kwa upande wa nyuma kama unafikika. Subiri nusu saa, rudia. Thina na petroli weka mbali: kava nyingi ni plastiki ya ABS, thina inaiyeyusha na petroli inaitia nyufa. Kama skrubu imeingia kwenye chuma cha fremu, simamisha bisibisi na uigonge kwa nyundo ndogo mara tatu nne. Kisha egemea kwa nguvu, kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Ule mkazo mdogo ndio unaovunja kutu.

Ikikataa bado, futa mafuta yote, hakikisha hakuna petroli karibu, kisha tumia pasi ya kulehemea waya ya mafundi redio. Ncha yake ishike kichwa cha skrubu kama dakika moja. Joto linaingia kwenye chuma peke yake. Ukiona plastiki inaanza kung'aa pembeni, ondoa.

Ile iliyoliwa kichwa usihangaike nayo. Piga alama katikati, toboa kwa biti ya milimita 3, halafu biti yenye unene wa skrubu yenyewe. Drili iende polepole na isipite kina cha kichwa. Kichwa kitadondoka, kava itatoka, na kipande kilichobaki utakizungusha kwa vaisigripu, ile plaizi inayojifunga. Ukirudisha, paka grisi kwenye nyuzi, na kiroba ukitandikie nailoni.

SWALI: Skuta yangu ina klipu nyeusi za plastiki. Kila nikizibandua kwa bisibisi zinakatika. – Msomaji, Kasulu

JIBU: Unabandua klipu nzima wakati kitovu chake, yaani kile kipini cha katikati, bado kimefunga. Kama kitovu kimelingana na kichwa, kibonyeze ndani milimita 2 hivi kwa ncha ya kalamu, kisha vuta klipu kwa vidole. Ukizidisha, kitatumbukia ndani. Kama kitovu kina ukingo uliojitokeza, inua hicho peke yake kwanza kwa bisibisi bapa. Kabla ya yote sugua kwa mswaki na maji ya sabuni, maana vumbi jekundu likijaa, kitovu hakisogei.

Wakati wa kurudisha aina ile ya kubonyeza, sukuma kitovu kitokeze juu, chomeka klipu, ndipo ubonyeze kilingane. Iliyokaushwa na jua itakatika tu hata ufanyeje. Pima tundu kabla ya kwenda dukani. Mengi ni milimita 6 au 8.

SWALI: Bolti ya kioo cha mbele inazunguka na nati yake ya shaba, haitoki wala haikazi. – Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Nati imeachana na mpira au plastiki iliyoishika. Vuta kioo kuelekea kwako huku ukilegeza, ili nati ipate kubanwa. Ikigoma, ishike kwa nyuma kwa plaizi ya mdomo mwembamba. Supaglu usiimwage bolti ikiwa bado imo ndani: itashuka kwenye nyuzi, na hapo utalazimika kutoboa.