Makunyanzi ya jua yanaondoka?
Umeuliza kama ukianza leo kupaka losheni ya kuzuia jua, makunyanzi na madoa yatafutika. Kwa sehemu tu. Linganisha ngozi karibu na kwapa na ile ya mgongo wa kiganja: umri mmoja, tofauti kubwa ni kazi ya jua. Mionzi ya UVA (miale ya jua isiyoonekana kwa macho) huvunja kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na hupenya kioo cha dirisha. Mwaka 2012 madaktari walichapisha picha ya dereva wa lori aliyeendesha miaka 28. Shavu la upande wa dirisha lilikuwa limekunjamana kuliko lingine. Inatisha kidogo!

Basi paka losheni ya SPF 30 (kipimo cha kinga ya jua) au zaidi, inayozuia UVA pia, mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo (wengi hupaka kiduchu halafu wanailaumu losheni), na urudie kila saa 2 ukiwa nje. Kutibu: tretinoini (krimu ya dawa ya jamii ya vitamini A) usiku, kiasi cha punje ya njegere, uvumilie miezi kadhaa. Mwanzoni ngozi hukauka na kubanduka. Mjamzito asitumie. Doa linalobadilika umbo au kutoka damu mpelekee daktari, usilipake krimu.