Kabla ya kujaribu programu yako ya afya, uliza simu ni ya nani

Vijana wanaotengeneza programu za afya hapa Dar huja na swali lilelile: "Dada, tuchukue watu wangapi?" Nami huwauliza: hizo simu ni za nani?

Nenda ukakae kwenye benchi la kliniki ya wajawazito Mbagala. Mmoja mwenye kitochi anamsomea mwenzake meseji ya tarehe ya hudhurio. Wa tatu kaandikisha namba ya mumewe, na mume yuko kazini Kariakoo. Ukiwagawa hao mmoja mmoja kwa bahati nasibu, huyu atumiwe, yule asitumiwe, meseji itakuwa imezunguka benchi zima kabla hawajapimwa presha. Makundi mawili yameshachanganyika, halafu takwimu zitakuambia meseji hazisaidii.

Hapo ni afadhali kugawa vituo: kituo kizima kitumiwe meseji, kingine kisitumiwe. Ndivyo walivyofanya watafiti wa mradi wa meseji kwa wajawazito Zanzibar, matokeo yakatoka 2012: vituo 24, wanawake 2,550. Waliojifungua mikononi mwa wahudumu wenye ujuzi walikuwa 60% upande wa meseji, 47% upande mwingine. Ila walipochambua zaidi, faida ilionekana kwa wa mjini. Kwa wa shamba haikuonekana. Na kugawa vituo kuna gharama yake, maana watu wa kituo kimoja hufanana, kila anayeongezeka anakuambia machache mapya, hivyo idadi ya watu unaohitaji inapanda. Bajeti ikiruhusu, ongeza vituo kwanza, kabla ya kuongeza watu. Kituo kimoja kila upande hakitoshi kabisa: utajuaje kama ni programu yako au ni nesi mchangamfu?

Pia jua unachopima ni nini hasa. Kenya walijaribu meseji kwa watu 538 wanaoanza dawa za kufubaza VVU: kila wiki "Mambo?", naye anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Mwenye shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu. Waliotumia dawa ipasavyo walikuwa 62% ya waliotumiwa meseji, dhidi ya 50% ya wasiotumiwa. Watu huunukuu utafiti huo kama ushindi wa meseji. Kwa maoni yangu, bila yule anayepiga simu hujaiga kitu. (Na "Mambo?" haimuumbui mtu hata simu ikishikwa na shemeji.)

Waliopoteza laini au kufuta programu wahesabu kwenye kundi walilopangiwa. Ukiwatoa, unabaki na wapenzi wa programu yako tu.

Jaribio likishaanza, fundi asiguse programu, labda kuziba hitilafu. Maboresho yafanyike kabla, kwa kajaribio kadogo: kila ukumbusho unapotaka kutoka, mfumo uchague kwa bahati nasibu kutuma au kutotuma, kwa mtu yuleyule, kisha uangalie saa zinazofuata alifanya nini. Utajua mapema kama ukumbusho wa asubuhi una kazi au unachosha watu. Hata kajaribio hako kanahitaji kibali cha maadili, na tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, namba ya mgonjwa haikai kwenye kompyuta ya rafiki yako.