Kwa mnaoanza kuisoma Ur: daftari kwanza, dhahabu baadaye

Karibu kila mwanafunzi mpya ninayempokea hukimbilia taji la Malkia Puabi, aliyezikwa Ur: majani ya dhahabu, shanga za akiki, mawe ya buluu yaliyotoka mbali, huko iliko Afghanistan ya leo. Simlaumu, ni vitu vya kustaajabisha. Ila namwomba aviweke kando kwanza, asome jinsi mji ule ulivyochimbwa, kwa sababu huko ndiko kazi yenyewe inakojifunzwa.

Ur, mji wa kale wa Wasumeri, iko kusini mwa Iraq, karibu na Nasiriyah, kwenye kilima ambacho wenyeji wanakiita Tell al-Muqayyar. Mwanaakiolojia Mwingereza Leonard Woolley alichimba hapo kuanzia 1922 hadi 1934, akitumwa na makumbusho mawili, la British Museum na la Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Msimu wa kwanza tu, mtaro mmoja ulitoa shanga za dhahabu. Mwingine angewahamishia vibarua wote pale. Yeye alisimamisha kazi kwenye mtaro ule hadi 1926, kwa kuwa vibarua walikuwa hawajaiva na yeye mwenyewe alitaka kwanza kuyaelewa matabaka na vyombo vya udongo vya mji ule. Kwa subira hiyo tumepata makaburi yapatayo 1,850 yenye kumbukumbu. Waliporudi, hata tundu udongoni lilikuwa na maana. Mbao za kinubi zilikuwa zimeoza zamani zikaacha uwazi. Wakamimina plasta humo, wakasubiri ikauke, umbo la kinubi likatoka. Kibarua asiyefunzwa angepitisha sululu hapo bila kujua alichovunja.

Sasa hili linalowasumbua wengi: kutenganisha kilichoonekana na kilichodhaniwa. Chukua kaburi PG 1237, lenye watu 74, wanawake 68, wanaodhaniwa kuwa watumishi waliokufa pamoja kwenye mazishi ya kifalme. Wengi wao walifungwa tepe za dhahabu au fedha kwenye nywele. Binti mmoja hakuwa na utepe kichwani. Wake, wa fedha, ulikutwa kiunoni ukiwa umeviringishwa vizuri. Woolley alidhani kwamba binti huyo alichelewa kufika mazishini, akakosa nafasi ya kuuvaa. Nami kila nikisoma habari hiyo moyo hunishika. Lakini ardhi ilitoa utepe ulioviringishwa, basi. Kule kuchelewa ni fikra ya mchimbaji.

Ndivyo ilivyokuwa kwa sumu pia. Aliona vikombe, akaona miili imelala kwa utaratibu, akahitimisha kwamba watu wale walikunywa sumu kwa utulivu. Mafuvu mawili ya waliozikwa hivyo yalipopigwa picha za CT, yaani eksirei zinazoonyesha ndani ya kitu tabaka kwa tabaka, huko Philadelphia, Marekani, matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha walipigwa kichwani kwa kitu chenye ncha. Tabaka nene la matope alilolitangaza kuwa ni Gharika ya Nuhu, nalo leo linaelezwa kuwa ni mafuriko ya eneo lile tu.

Msimdharau kwa hayo. Mafuvu yale yalipimika kwa sababu aliyanyanyua yalivyo, yamepondeka, pamoja na udongo wake, akayagandisha kwa nta na kuyasafirisha. Enzi zake hakukuwa na mashine ya kuyapima. Ninachokipenda zaidi katika uchimbaji wote wa Ur ni hicho, kuliko taji lenyewe.

Na mtakapopangiwa kazi stoo, msinung'unike. Mwaka 2014 makumbusho ya Pennsylvania ilitangaza kwamba imeitambua upya mifupa kamili ya mtu aliyeishi miaka ipatayo 6,500 iliyopita, iliyochimbwa Ur msimu wa 1929–30. Ilikuwa ndani ya stoo yao wenyewe, katika sanduku lisilo na kadi. Kilichoisaidia kupata utambulisho ni orodha za zamani za mgawanyo wa vitu na picha za uwandani. Kwa hiyo andikeni lebo mbili, moja ndani ya sanduku na moja nje, siku hiyohiyo.

Makumbusho hayo mawili yameweka kadi, picha na maelezo ya Woolley kwenye intaneti, bure. Chagua kaburi moja dogo lisilo na dhahabu. Gawa ukurasa safu mbili: upande mmoja andika kilichokutwa, mahali kilipokuwa na kina chake, upande wa pili andika alichosema Woolley kuhusu kitu hicho. Fanya hivyo kwa makaburi kadhaa kabla ya kufungua kitabu chochote kinachoeleza dini au ufalme wa Wasumeri, kisha niletee kurasa zako tuzijadili.