Usiwafichie wageni kazi mbichi: yaliyonikuta nikiwa msanii mkaazi

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umepata residensi ya miezi mitatu, yaani nafasi ya msanii kukaa kwenye kituo na kufanyia kazi zake huko, mkataba unataka ufungue studio kwa umma mara moja kila mwezi na uendeshe warsha moja, nawe unaogopa watu watakuta kazi hazijakwisha wakudhani hujui unachofanya. Umeuliza pia kama uwaruhusu kupiga picha. Mimi nachonga chapa za mbao, yaani picha inayochongwa kwenye ubao kisha ikachapwa karatasini, na nimekuwa msanii mkaazi mara mbili. Nakueleza yaliyonikuta.

Mara ya kwanza niliharibu, na chanzo ni hofu hiyo hiyo yako. Usiku wa kuamkia siku ya studio wazi nilifagia, nikasukuma mbao na patasi chini ya meza, nikatundika chapa sita nilizokuja nazo kutoka nyumbani. Wageni waliingia, wakazunguka, wakasema "hongera sana", wakatoka. Dakika tatu, nne. Mlinzi wa getini, ambaye kila asubuhi alikuwa akisimama mlangoni kunitazama nikichonga, akaniuliza, "Leo kazi umeiweka wapi?" Sikuwa na jibu.

Mara ya pili ilikuwa Mji Mkongwe, Unguja. Nilikuwa nachonga kanga kwenye ubao mkubwa wa plaiwudi. Kanga za zamani, kabla ya viwanda, zilichapwa kwa mkono kwa vibao vya mbao, nami nilitamani kuirudisha huko ilikotoka. Nikachagua kisutu, ile kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nikachonga pindo, nikachonga mji, ile sehemu ya katikati, na chini nikaweka jina, yaani maneno ya kanga, methali ndefu. Anayechonga chapa anajua adha ya maneno: kila herufi unaikata kinyume ili ikichapwa isomeke, na N moja ikikuponyoka ukaichonga kama unavyoiandika, mstari wote umeharibika. Yale maneno yalinila siku nane.

Safari hii sikuficha kitu. Ubao ulibaki mezani, rola ya wino kando, mabanzi sakafuni. Mimi situmii mashine. Karatasi unailaza juu ya ubao uliopakwa wino, unaisugua kwa mgongo wa kijiko, kwa hiyo hata mtoto anaweza. Wakaja wanafunzi, wakaja maseremala wawili wa mtaani walionipa maneno makali kuhusu patasi yangu butu (waliinoa pale pale), akaja pia mama mmoja mtu mzima na binti yake. Mama akasugua, akaifunua karatasi taratibu, akaitazama kwa muda.

"Mwanangu, hiki ni kisutu?"

Nikamwambia ndiyo, bibi.

"Kisutu cha kwetu hakina jina."

Akavuta kiti. Alikaa karibu saa nzima akinisimulia alivyofungwa kisutu siku ya harusi yake, nani alimfunga, na kwamba maneno yake hayakuandikwa popote kwa sababu alinong'onezwa sikioni. Binti yake akamwuliza aliambiwa nini. Hakusema.

Siku ya pili nilianza ubao mwingine, pale pa jina nikapaacha patupu. Mwezi uliofuata nilitundika zote mbili, yenye methali na isiyo na neno, na wanawake walikuwa wakisimama mbele ya ile tupu, wanaanza kusimuliana wao kwa wao. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na nisingeifikia peke yangu.

Kwa hiyo ninachokusihi ni hiki: mgeni mpe kitu ambacho bado kinaweza kubadilika. Zile chapa sita za mara ya kwanza zilikuwa zimeshakauka, mtu angesema nini zaidi ya hongera?

Wala si jambo geni kwetu. Wachonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, wanafanya kazi mbele ya wapita njia. Wachoraji waliomfuata Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, walipaka rangi zao hadharani pale Oysterbay. Nairobi, Kuona, kituo cha wasanii, ilipoanza 1995 ilikuwa ndani ya Makumbusho ya Taifa, na mtu aliyekuja kuona vitu vya kale aliwakuta wasanii wakiwa kazini. Kama uko Dar, nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, ujionee watu wanavyochora ndani ya makontena milango ikiwa wazi.

Lakini linda siku zako. Kule kwa kwanza wenyeji wangu walikuwa wanaleta wageni wakati wowote bila kuniarifu, nikapoteza asubuhi nyingi sana. Kabla hujasaini, iandikwe ni siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na nani analipia vifaa vya warsha. Watu wa warsha wasizidi idadi ya vifaa ulivyo navyo. Mimi huchukua wanane, na jambo la kwanza ninalofundisha ni mkono usiochonga ukae nyuma ya patasi.

Picha: ruhusu meza, mikono na vifaa. Kazi ambayo hutaki isambae kabla haijakwisha igeuzie ukutani, na uweke kikaratasi cha kuomba isipigwe, watu wanaheshimu. Na wewe pia uwaombe ruhusa wageni kabla ya kuwapiga. Yule mama alikataa kabisa kupigwa picha ya uso. Alinikubalia mkono tu, ukiwa umeshika kijiko.